Uhuru wa Nani? Utenzi wa Vita vya Uhuru Ukisomwa Kutoka Hadado

Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945 wa Shaaban Robert umezoea kusifiwa kwa urefu wake na kwa ufasaha wa lugha yake. Sifa hizo ni za haki, lakini zimeifunika hoja iliyomo katika anwani yenyewe. Anwani hiyo inadai mambo mawili: kwamba vita hivyo vilikuwa vya uhuru, na kwamba vilikoma mwaka 1945. Mahali pa kuyapima madai hayo si London wala Berlin tu. Vita vilifika Afrika Mashariki, katika nchi kavu inayoanzia Garissa, penye Mto Tana, hadi Wajir na Moyale. Na humo, magharibi ya Wajir, ndimo ilimo Hadado.

Kwanza itazamwe fani. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alipotunga juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima, alitunga habari ya vita vilivyoifikia pwani yake mwenyewe. Shaaban Robert hakuwa askari. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Tanganyika, na vita alivyovitungia vilienea duniani kote. Hata hivyo alitumia chombo kilekile cha jadi. Utenzi wa vita hupenda pande mbili zilizo wazi, ya haki na ya dhulma, na hupenda mwisho ulio dhahiri. Kwa hiyo fani si chombo kitupu cha kubebea maudhui. Nayo huchagua kitakachoitwa chanzo na kitakachoitwa mwisho.

Kwa mtu wa Hadado, chanzo ni cha kale kuliko 1939. Italia iliivamia Ethiopia Oktoba 1935, na Shirikisho la Mataifa likashindwa kuizuia. Kabla ya hapo, mwaka 1925, Uingereza ilikuwa imeikabidhi Italia nchi ya Jubaland, kutimiza ahadi iliyotolewa wakati wa vita vikuu vya kwanza. Mpaka uliopita kati ya jamaa na jamaa, kati ya kisima na malisho, ulichorwa kama malipo ya vita. Sheria za mwaka 1926 na 1934 zikaifunga wilaya hiyo na kubana mwendo wa watu wake.

Mwendo wa vita nao haukuwa wa mbali. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, ndege zake zilidondosha mabomu Wajir. Mwezi uliofuata Waingereza waliihama Moyale baada ya kuzingirwa. Februari 1941 majeshi ya Jenerali Cunningham, wakiwemo askari wa Afrika Mashariki, wa Nigeria, wa Gold Coast na wa Afrika Kusini, yaliuvuka Mto Juba. Mogadishu ikaanguka mwezi huohuo, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Ethiopia ikapata tena uhuru wake. Hapa anwani ya mtunzi inasimama imara.

Katika matokeo ndipo inapoyumba. Ushindi uliziweka nchi nyingi za Wasomali chini ya utawala mmoja wa Kiingereza, na fikra ya kuziunganisha ikapata nguvu. Chama cha vijana kilichoanzishwa Mogadishu mwaka 1943 kilienea hadi kaskazini ya Kenya, kikapigwa marufuku huko mwaka 1948. Mwaka 1962 tume ya Uingereza iliona kwamba wengi wa wakazi walitaka kujiunga na Somalia; matakwa hayo hayakufuatwa. Tangu 1963 hadi 1967 vikapiganwa vita vingine, na waliovipigana upande wa waasi wakaitwa shifta, yaani majambazi. Hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1963 haikuondolewa hadi 1991.

Basi utenzi huu ulipochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa mtunzi, ndio mwaka ambao Kenya na Somalia zilipatana Arusha. Lugha ileile ya Kiswahili ilikuwa na jina la heshima kwa vita vimoja na jina la dharau kwa vingine. Si kazi ya mhakiki kuamua mpaka ulistahili kupita wapi. Kazi yake ni kuonyesha kwamba jina la vita ni hukumu, na kwamba hukumu hiyo hutolewa na mwenye kalamu.

Mtunzi asilaumiwe kwa yaliyotokea baada yake. Yamkini neno uhuru, likitamkwa na mtawaliwa, lilikuwa pia dai dhidi ya mtawala aliyelitangaza kwa ajili ya Ulaya. Churchill alikwisha kulieleza bunge lake, Septemba 1941, kwamba ahadi za Mkataba wa Atlantiki zilikusudiwa kwanza mataifa ya Ulaya yaliyokuwa chini ya Wanazi. Lakini mwalimu anayeufundisha utenzi huu bila kuuliza uhuru ulikuwa wa nani, na 1945 ulikuwa mwisho kwa nani, huwafundisha wanafunzi mizani na vina, na huwaficha vita.