Aya Nne Kabla ya Ile Unayoipenda

Mamangu hatumi aya, anatuma anwani ya aya. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi simu inatetemeka mezani, naangalia, na ujumbe wote ni huu: Omb 3:22. Basi. Hakuna picha ya jua likichomoza, hakuna maua, hakuna mikono miwili iliyofumbatana. Siku moja nilimuuliza mbona asiandike maneno yenyewe. Akasema akiyaandika sitafungua kitabu. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na walimu ndivyo walivyo: hata baraka wanakupa kama kazi ya nyumbani.

Wewe pia una wako. Kuna yule shangazi wa kwenye grupu la familia ambaye hajawahi kukosa siku. Kuna stika nyuma ya matatu, imechanika katikati ukabaki na nusu ya ahadi. Kuna rafiki aliyefutwa kazi Jumatatu, na Jumanne stetasi yake ni Yeremia 29:11, ile ya Mungu kuwa na mawazo mema juu yako, na kesho yenye tumaini. Hiyo ndiyo mfalme wa stetasi. Nimeiona kwenye keki ya kuhitimu. Nimeiona kwenye jalada la kitabu cha wageni cha saluni, na sijui mpaka leo wageni walitakiwa waelewe nini.

Kwa miaka mingi niliidharau tanzu hii. Naiita tanzu kwa sababu ina kanuni zake kama tanzu nyingine: iwe fupi, iseme na mtu mmoja, iahidi kitu, na isitaje mahali wala adui. Nilikuwa nimesoma fasihi, nikajiona mjanja. Nililinganisha aya za simu na jina la leso nikaona leso imeshinda mbali. Jina la leso nalo ni kipande kilichokatwa kutoka kwenye mazungumzo marefu, lakini anayeivaa, jirani anayelengwa na wanaotazama wote wanaujua ugomvi wenyewe. Ua mzima uko nyuma ya maneno yale machache. Aya ya stetasi haina ua. Inaelea tu, inamfaa kila mtu, na kwa hiyo, nilisema, haimfai yeyote.

Bado naamini nusu ya hayo. Nusu nyingine niliipoteza nikisoma daftari la mamangu, la Garissa.

Alipelekwa huko 2008. Kama hujawahi kwenda, ni kama kilomita 370 kutoka Nairobi, unapita Thika, Mwingi, kisha vichaka vinafupika na joto linakuwa refu, hadi unafika Madogo. Hapo gari linasimama, mnashuka, vitambulisho mkononi, ndipo mnavuka daraja la Tana. Ukishavuka utasikia watu wakisema kesho wanasafiri kwenda Kenya. Si utani sana. Kaskazini Mashariki ilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari kwa miongo mingi, na lugha imeyaweka hayo yote katika sentensi moja ya stendi. Mtu kama mamangu, aliyetoka upande ule mwingine, ni mtu wa "down Kenya". Anakaribishwa, anaheshimiwa, anaitwa mwalimu, lakini kila mtu anajua amekuja na barua ya kazi na ataondoka na nyingine.

Daftari lenyewe ni la kurasa 96, la kawaida, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila mstari una tarehe na anwani ya aya. Ukilisoma kama kitabu, na mimi nimelisoma hivyo, miaka ya kwanza inachosha. Zaburi, Mithali, Wafilipi, Zaburi tena. Yer 29:11 inarudi kama kiitikio. Ni daftari la mtu anayesubiri uhamisho.

Sasa hebu tuisome hiyo 29:11 mahali ilipo, kwa sababu wanaoipenda sana ndio wasioisoma hapo. Sura ya 29 ni barua. Inaandikiwa watu waliochukuliwa mateka kutoka Yerusalemu wakapelekwa Babeli, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Sura moja nyuma, nabii mwingine, Hanania, ameahidi kwamba ndani ya miaka miwili mambo yatakaa sawa. Yeremia anawaandikia kwamba ni uongo, ni miaka sabini. Piga hesabu. Mtu mzima aliyesomewa barua ile alikuwa anaambiwa kwamba atafia ugenini. Aya ya 10 inataja miaka hiyo sabini, na ndipo, mara tu baada yake, inakuja ile tunayoiandika kwenye keki. Katika mahali pake si habari njema ya wiki ijayo. Ni faraja anayopewa mtu baada ya kunyimwa alichoomba.

Na aya nne kabla, ya 7, iko amri ambayo sijawahi kuiona kwenye stika. Wameshaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na waozeshe. Kisha wanaambiwa wautakie mema mji ule ule waliopelekwa kwa nguvu, wauombee, kwa sababu hali yao imefungwa na hali ya mji huo. Babeli! Mji wa watu waliowachomoa kwao.

Hapa Union Version yetu, ile ya 1952 ambayo wengi tunaiona ya kizee, imefanya kazi nzuri kuliko toleo la Kiingereza linalosambazwa sana mtandaoni. New International Version, kwenye aya ya 11, imechagua neno la kufanikiwa, na kutoka hapo aya ikawa ya watu wenye intavyuu. Wafasiri wa Kiswahili waliweka amani. Neno hilo hilo, amani, wamelitumia kwenye aya ya 7 mara tatu. Kwa Kiebrania pia ni neno moja kote, shalom. Kwa hiyo anayeisoma barua kwa Kiswahili anaweza kuona kwa macho yake kwamba mawazo mema ya aya ya 11 ni amani ile ile ya aya ya 7, amani ya mji, ambayo huipati peke yako chumbani ukiwa umefunga mlango.

Na shalom, usisahau, ni ndugu wa damu wa salaam. Dukani Garissa unaanza kwa salaam aleikum hata kama jina lako ni Mwikali.

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu, wauaji wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Baadhi ya waliouawa mapema walikuwa wamekusanyika kwa maombi ya asubuhi. Waliendelea kuua katika mabweni, wakiwatenga watu kwa dini. Kufikia jioni watu 148 walikuwa wamekufa, 142 kati yao wanafunzi. Mamangu alisikia milio ya risasi akiwa nyumbani, ameshika kalamu. Mimi nilikuwa bodingi, Fomu Tu, na habari ilitufikia kupitia redio ya mpishi.

Kwenye daftari, tarehe hiyo imeandikwa. Anwani haipo. Ni mstari mtupu, na chini yake mingine kumi na moja mitupu, yenye tarehe tu.

Hapa ndipo mhakiki wa aya fupi analazimika kuacha mzaha. Kuna Zaburi ya 91, ambayo wengi wetu tumefundishwa tangu utotoni kuisema tukiingia kwenye gari, na ndani yake kuna ahadi kwamba elfu wataanguka ubavuni mwako lakini wewe hutaguswa. Aliyepona siku ile ana haki gani ya kuiweka kwenye stetasi? Msichana mmoja wa miaka 19 alipatikana hai baada ya kujificha kabatini kwa siku mbili. Alikuwa akiomba. Na wale wa chumba cha maombi walikuwa wakifanya nini? Sina jibu, na ninamshuku mwenye jibu la haraka. Ninachoweza kusema kama msomaji ni kwamba Biblia yenyewe iliona hatari hiyo. Kwenye Mathayo 4, mtu wa kwanza kuichomoa Zaburi 91 kipande na kumpa mwenye njaa juu ya kinara cha hekalu kama ahadi ya usalama ni Ibilisi. Stika ya kwanza ni yake.

Siku zile kumi na mbili za mistari mitupu, mamangu hakuwa peke yake. Jirani yetu, ambaye mpaka leo namwita eedo, yaani shangazi kwa Kisomali, alikuja kila asubuhi na chai ya maziwa na anjera, akaketi. Hakuhubiri. Siku ya tatu au ya nne alimwambia habari za sura fupi ya Kurani, ya 94, ambayo inasema kuna wepesi pamoja na dhiki, kisha inarudia papo hapo, kana kwamba inajua kwamba mara ya kwanza hukuamini. Mamangu, Mwafrika Inlandi wa damu, aliniambia kwamba hapo ndipo alipolia. Si kwa sababu ya maneno, alisema. Ni kwa sababu eedo aliyasema akiwa anaogopa yeye pia.

Mstari wa kumi na tatu una anwani. Ni Yer 29:7.

Tangu hapo daftari linakuwa kitabu kingine. 29:11 haionekani tena kwa zaidi ya mwaka. Tarehe 22 Desemba 2015 iko 29:7, na najua kwa nini. Siku moja kabla, huko Mandera, basi lilivamiwa, abiria wakaamriwa wajigawe, Waislamu huku na Wakristo kule. Mwaka mmoja nyuma, Novemba 2014, amri kama hiyo iliishia kwa maiti 28. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewafunika wenzao kwa hijabu. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi na akafa Januari 2016. Kisa kile kikawa filamu fupi, Watu Wote, ya 2017, iliyofika hadi kwenye orodha ya kuwania Oscar. Nimeitazama mara mbili, na ninaisifu.

Nilipoyaona haya yote kwenye daftari nilifurahi vibaya, kama anavyofurahi mtu aliyepata mada ya insha. Hapo ilikuwa Januari 2020. Nilimpigia mamangu nikamweleza nadharia yangu: Wakenya tunaipenda aya ya 11 kwa sababu inatusemesha kila mmoja peke yake, na tunaikwepa ya 7 kwa sababu inatutaka tukae na watu. Nikamwambia yeye ndiye msomaji wa kweli wa Yeremia, yeye na eedo. Nilikuwa nimesimama kwenye balkoni South B, kahawa mkononi.

Wiki hiyo hiyo, tarehe 13, walimu watatu walikuwa wameuawa Kamuthe, katika kaunti ile ile. Walimu wengi wasio wenyeji walikuwa wanadai waondolewe, na baadaye wengi waliondolewa, Garissa, Wajir na Mandera, na madarasa yakabaki na watoto wasio na wa kuwafundisha. Mamangu alikuwa hajalala siku tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na Yeremia aliiandika hiyo barua akiwa wapi?"

Nilijua. Aya ya kwanza kabisa inasema. Aliiandika akiwa Yerusalemu, kwao.

Sikuwa na la kusema. Bado nadhani usomaji wangu wa aya ya 7 ni sahihi. Bado nadhani kuikata ya 11 kutoka kwenye miaka yake sabini ni kuwadanganya watu. Lakini nimeacha kumtumia mtu aya ya 7 kutoka mahali ninapolala usingizi, na rafiki yangu aliyefutwa kazi sikumsahihisha stetasi yake.

Mamangu aliomba uhamisho, akapata. Kuna watoto arobaini na kitu wa darasa la tano ambao bado anawataja kwa majina akiosha vyombo. Eedo alimsaidia kufunga mizigo, akabaki na jiko na ndoo mbili, na akakataa kuagwa, akasema ni kama mtu anaenda Mwingi sokoni. Alfajiri ya safari, abiria wakiwa wameshuka Madogo wakikaguliwa vitambulisho, simu yangu ilitetemeka mezani. Zab 121:8.

Nilifungua kitabu.