Hongera Bagika, Hongera Bagalu

Chuo kikiandaa siku ya utamaduni, ngoma ya Kisukuma mara nyingi ndiyo inayowainua watu vitini. Majembe yanarushwa, yanadakwa, na binti wa Pemba anavua viatu ajaribu bugobogobo, ngoma hiyo ya majembe. Pongezi ziwafikie waliolea ngoma hiyo vijijini Shinyanga, Geita na Mwanza: Bagika na Bagalu.

Vyama hivi vya ngoma vina zaidi ya karne. Baada ya mavuno hushindana uwanja mmoja, saa ileile, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hakuna jaji wala karatasi ya alama. Ndiyo maana wachezaji hawaishiwi vituko: huyu kajivika chatu shingoni, yule kashika sanamu la mbao linalotikisa mikono. Dawa za kuvuta umati nazo husemwa, tena si kwa kunong'ona.

Hongera pia Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, ambako Padri David Clement aliasisi makumbusho ya Wasukuma, na ambako sherehe ya Bulabo huwakutanisha mahasimu hawa. Mwanachuo wa Kizumbi, Shinyanga, anayetaka ngoma isiyokatishwa kumpisha mgeni rasmi ahutubie, apande basi la Mwanza.