Jinsi ringi ya Camaro Z/28 ilivyofanywa ilishike tairi

Gari likishikwa breki kwa nguvu, tunatazamia kitu kimoja tu kiteleze, nacho ni tairi juu ya lami. Chevrolet walipokuwa wakilijaribu Camaro Z/28 la mwaka 2014 waliona jambo jingine. Tairi lilikuwa limeng'ang'ania lami, ila ringi ilikuwa ikizunguka ndani ya tairi. Breki zinaikamata ringi, barabara inalisukuma tairi liendelee kuzunguka, na pale viwili hivyo vinapokutana pakashindwa kuvumilia. Kwenye kukanyaga mafuta mambo yalikuwa yale yale, ila kwa upande wa pili: ringi inatangulia, tairi linabaki nyuma.

Gari lenyewe halikutengenezwa kwa ajili ya starehe. Jina Z/28 lilizaliwa mwaka 1967, Chevrolet walipotaka gari la kuingia nalo kwenye mbio za Trans-Am, na toleo la 2014 liliurudia moyo huo. Injini yake ni ya lita 7.0 yenye nguvu za farasi 505, breki zake ni za Brembo zenye diski za kaboni na seramiki, na miguu yote minne imevishwa Pirelli P Zero Trofeo R yenye upana wa milimita 305. Hayo ni matairi ya mbio yaliyoruhusiwa kutembea barabarani. Mpira wake ni laini, na ukishapata moto hunata. Chevrolet walieleza kuwa gari hilo likifunga breki linaweza kupunguza mwendo kwa 1.5 g, yaani mara moja na nusu ya nguvu ya uvutano wa dunia.

Tupige hesabu ya haraka ili tuone mzigo huo unaishia wapi. Gari lina uzito wa kama kilo 1,730. Mweke dereva, unafika kilo 1,800. Kulizuia kwa 1.5 g kunahitaji nguvu ya takribani niutoni 26,500 kutoka barabarani. Gari likiinama mbele, chukua kwamba robo tatu ya kazi hiyo inaangukia matairi mawili ya mbele, basi kila moja linabeba karibu niutoni 10,000. Lakini nguvu hiyo inashika nje ya tairi, sentimita 33 kutoka katikati ya gurudumu, ilhali ukingo wa tairi unakaa juu ya ringi kwa umbali wa sentimita 24 tu. Kwa kuwa mkono wa wenzo umefupika, nguvu lazima ipande: pale penye ringi inahitajika zaidi ya niutoni 13,500. Kiungo kilichofichika ndani kinadaiwa kushika kwa nguvu kubwa kuliko ile ya tairi na lami, na hakuna boliti wala gundi hapo.

Kinachoshika ni nini basi? Ndani ya ukingo wa tairi mna kitita cha nyaya za chuma zilizofunikwa kwa mpira. Kitita hicho hakitanuki kirahisi. Kitako cha ringi kimechongwa kwa mteremko mdogo, kwa kawaida nyuzi 5, hivyo upepo unapojazwa, ukingo husukumwa kupanda mteremko huo hadi ukabana. Kuanzia hapo kazi yote ni ya msuguano: mpira uliobanwa juu ya aluminiamu iliyopakwa rangi laini.

Kisha kuna sabuni. Fundi yeyote wa matairi, awe Kariakoo au Detroit, hapandishi tairi gumu kwenye ringi bila kulainisha ukingo kwa maji ya sabuni au mafuta maalumu ya kazi hiyo. Bila hivyo ukingo unaweza kuchanika. Kilainishi hicho hakitoweki papo hapo. Hunaswa kati ya mpira na ringi na huchukua muda kukauka, hivyo tairi lililovishwa asubuhi na kupelekwa kwenye mbio mchana limebeba kitelezi mahali pabaya kuliko pote. Ndiyo maana madereva makini huacha matairi mapya yalale usiku mzima kabla ya kuyatumia kwa nguvu.

Mtu anaweza kuuliza ubaya uko wapi tairi likisogea kidogo, maadamu upepo haujatoka. Ubaya uko kwenye balansi. Vile vipande vidogo vya uzito anavyobandika fundi kwenye ringi vimewekwa mkabala na sehemu nzito ya tairi. Tairi likizunguka nusu duara juu ya ringi, kipande cha uzito kitakuwa kimekaa juu ya sehemu ile ile nzito, na kasoro iliyokuwa imefutwa inarudi maradufu. Usukani unaanza kutetemeka kwenye mwendo mkali, na dereva atahangaika kutafuta ubovu kwenye breki au beringi ambazo ni nzima kabisa.

Michezo mingine ya magari ina dawa zake kali. Kwenye mbio za mstari ulionyooka, ambako matairi ya nyuma ya magari ya daraja la Top Fuel hujazwa upepo wa chini ya psi 10, upepo peke yake hauwezi kuubana ukingo. Huko ringi hufungwa pete kwa boliti nyingi ili iukandamize ukingo wa tairi, na katika madaraja mengine ya mbio hizo mafundi hutoboa kingo za ringi na kupenyeza skrubu fupi zinazouma mpira. Pikipiki za motokrosi huwa na kibanio ndani ya ringi, kwa kuwa tairi likiteleza huburuta tyubu na kung'oa vali. Dawa hizo zinafanya kazi, ila pete na boliti zinaongeza uzito pale pale ambapo mhandisi anahesabu kila gramu, na skrubu hazina nafasi kwenye gari ambalo mwenye nalo atalipeleka kubadilishwa matairi kwenye karakana ya kawaida.

Kuongeza upepo nako kuna bei yake, maana tairi linavimba na kupunguza eneo linalogusa lami. Kuubana ukingo zaidi kunafanya tairi liwe gumu kuvishwa na kuvuliwa. Kilichobaki ni uso wa ringi wenyewe, na hapo ndipo Chevrolet walipoenda. Sehemu ya ringi inayokaliwa na ukingo ilipuliziwa chembechembe ngumu kwa hewa ya shinikizo, kazi ambayo mafundi wetu huita kupiga mchanga, hadi ikakwaruzika. Mpira ukibanwa juu ya uso wa namna hiyo hujipenyeza kwenye vishimo vidogo, na hauponyoki kirahisi kama kwenye rangi inayong'aa.

Naipenda suluhu hii kuliko zote nilizozitaja. Haikuongeza hata gramu moja wala haihitaji kifaa kipya kwa fundi wa matairi, na tairi linavuliwa kama kawaida. Lakini inadai kipimo. Kitako hicho hicho cha ringi ndicho kinachozuia upepo usitoke, maana tairi hili halina tyubu, hivyo mikwaruzo ikizidi kina, hewa itapata njia. Uso lazima uwe na mikwaruzo kiasi cha kushika na ulaini kiasi cha kuziba.

Anayetaka kujua kama ringi zake zinashika hahitaji mashine. Achore mstari mmoja wa chaki au rangi unaovuka kutoka kwenye ringi hadi kwenye tairi, akimbize gari mizunguko michache, kisha atazame. Mstari ukiwa umekatika, umbali kati ya vipande viwili ndio kiasi ambacho tairi limehama. Tairi hilo libalansiwe upya kabla ya kurudi uwanjani, na ringi ifutwe vizuri kabla ya kuvishwa tairi jingine.