Hadithi ya Wakree ya Kufanywa Upya kwa Nchi

Wasomaji wetu wamezoea kuona katika kurasa hizi habari za vitabu vya kwetu. Mwezi huu twaomba ruhusa yao tuwapeleke mbali, mpaka Kanada, tukaitazame hadithi moja ya kale pamoja na vitabu vilivyoiandika. Hadithi hiyo ni ya Wakree, watu ambao wengi wao kwa lugha yao hujiita Nehiyawak. Wao ni wenyeji wa nchi ile tangu kabla ya kufika Wazungu, na makao yao yameenea toka ghuba ya James upande wa mashariki hata mbuga za Alberta upande wa magharibi. Ni nchi ya misitu, mito na maziwa mengi mno, na wakati wa baridi maji yake huganda yakawa magumu kama sakafu, watu wakapita juu yake.

Tumeichagua hadithi hii kwa kuwa liko jambo kubwa ndani yake. Wakree wengi wa siku hizi ni watoto na wajukuu wa watu waliokatazwa shuleni kusema lugha yao na kushika mambo ya wazee wao. Sasa wanazitafuta hadithi za asili, wapate kujua wametoka wapi. Basi swali letu ni hili: mtu aliyetengwa na wazee wake, je, aweza kuwarudia kwa njia ya kitabu? Na kama aweza, ni kitabu cha namna gani?

Kwanza tuisimulie hadithi yenyewe kwa ufupi, ingawa twajua kwamba kila msimulizi ana njia yake. Hapo kale alikuwapo mmoja, jina lake Wisakedjak. Hakuwa Mungu, wala hakuwa mtu kama sisi. Wanyama walimwita kaka, naye aliwaita wadogo zake. Katika masimulizi mengi alikuwa na ndugu aliyekuwa mbwa-mwitu, akampenda sana. Viumbe wakaao majini wakamwua yule ndugu. Wisakedjak akalipa kisasi, ndipo maji yakafurika yakaifunika nchi yote. Yeye akafanya chelezo, akapanda pamoja na wanyama, wakaelea wasione ukingo popote.

Wisakedjak akajua ya kuwa akipata tope kidogo tu la nchi ya zamani, ataweza kuifanya nchi upya. Akapiga mbizi fisi-maji, akarudi mikono mitupu. Akapiga mbizi biva, yule mnyama akataye miti kwa meno na kuziba mito, naye akashindwa. Akabaki wacask, mnyama mdogo mfano wa panya akaaye ukingoni mwa maji, ambaye hakuna aliyemtazamia neno. Akazama. Wakangoja, wakangoja, hata wakakata tamaa. Alipozuka alikuwa amekwisha kufa, lakini mkononi mwake mlikuwa na chembe ya tope. Wasimulizi wengine husema ya kuwa Wisakedjak alimpulizia akamrudishia uhai. Kisha akalipulizia lile tope, likakua, likazidi kukua, hata likawa nchi wakaayo watu.

Mkristo asikiapo hadithi hii humkumbuka Nuhu mara moja, na pengine atasema, 'Haya waliyapata kwa wamisionari.' Sisi hatuoni hivyo. Hadithi ya mnyama apigaye mbizi kuleta udongo husimuliwa na mataifa mengi ya Amerika ya Kaskazini, hata Siberia pia, na kiini chake ni kingine. Katika habari ya Nuhu maji hupungua, na nchi ya kwanza huonekana tena. Hapa maji hayapungui. Nchi haina budi kuletwa toka chini, na aletaye ni mdogo kuliko wote, naye hulipa kwa pumzi yake. Msikilizaji wa Kikree hujifunza tangu utoto ya kuwa ardhi aikanyagayo ni deni, na mwenye kumdai ni mnyama ambaye huenda jana alimtega kwa ajili ya nyama na ngozi. Wakree wana neno wahkohtowin, maana yake ni ujamaa, na ujamaa huo huwafikia hata wanyama na nchi. Neno hilo ni gumu kulieleza kwa maneno matupu, lakini aliyemwona wacask akizama amekwisha kulielewa.

Tena twapenda walimu wenzetu waangalie jambo moja la lugha. Sisi tufundishao Kiswahili twajua ngeli: watu na wanyama wana ngeli yao, miti ina yake, mawe yana yake. Kikree hugawanya majina mafungu mawili tu, yenye uhai na yasiyo na uhai. Basi jiwe, asiniy, limo katika fungu la wenye uhai. Na neno mistik, likitumiwa kwa uhai ni mti usimamao, likitumiwa bila uhai ni kijiti au ubao. Hadithi ikigeuzwa kuwa Kiingereza, tofauti hii yote hupotea. Mawe na miti iliyokuwa ikihesabiwa pamoja na wenye uhai huwa vitu tu, na msomaji hana habari ya kuwa ameibiwa.

Sasa tuje kwa vitabu. Wa kwanza tumtajaye ni Edward Ahenakew, Mkree wa Saskatchewan, aliyezaliwa mwaka 1885. Alisomeshwa na misheni, akawa padre wa Kianglikana, akahariri na gazeti dogo la kila mwezi kwa Kikree. Mwaka 1929 alichapisha hadithi za Wisakedjak kwa Kiingereza katika jarida la wataalamu wa Amerika. Twamsifu kwa ushujaa. Kuhani aliyeandika hadithi za babu zake siku zile alisimama kati ya pande mbili, na pengine zote mbili zilimwangalia kwa shaka. Naye hakumpamba Wisakedjak. Huyo kaka wa wanyama ni mwerevu, tena ni mpumbavu. Huokoa ulimwengu, kisha huponzwa na ulafi wake mwenyewe. Ahenakew aliziacha tabia zote mbili mahali pake. Ila yake ni moja, nayo haikuwa kosa lake: kazi ile ilikuwa kwa lugha ya wageni, katika jarida ambalo si rahisi kufika kijijini kwao. Maandishi yake mengine yalitoka kuwa kitabu mwaka 1973, miaka 12 baada ya kufa kwake.

Wa pili ni Leonard Bloomfield, mtaalamu wa lugha kutoka Marekani. Mwaka 1925 alikwenda katika kijiji cha Sweet Grass, Saskatchewan, akaketi na wazee, mmoja wao akiwa mzee Coming-Day, kipofu aliyezijua hadithi nyingi sana. Bloomfield akaandika neno kwa neno kama lilivyotoka kinywani, Kikree kwanza, kisha Kiingereza chake. Kitabu kilichapwa mwaka 1930. Kwa uaminifu hatukijui kitabu kikipitacho, kwani leo mjukuu ajifunzaye Kikree aweza kuyasoma maneno yenyewe ya mzee yule. Lakini kilichapwa kwa herufi za Kirumi zenye alama za wataalamu, na hali Wakree wengi walizoea kusoma kwa herufi za silabi, zilizoanza kuchapwa huko Norway House mwaka 1840. Basi maneno ya kipofu yaliandikwa kwa herufi ambazo jirani zake wengi hawakuzizoea.

Wa tatu ni Louis Bird, Mkree wa upande wa ghuba ya Hudson, ambaye kwa miaka mingi alikwenda kwa wazee na chombo cha kunasa sauti. Kitabu chake kilitoka mwaka 2005. Yeye hasimulii tu; husimulia kisha hueleza, kwa kuwa ajua ya kuwa kijana amsikilizaye hakuketi motoni na bibi yake. Wako watakaosema maelezo hayo yaipunguza ladha ya hadithi. Sisi twasema yanahitajiwa. Mtu aliyekatiwa daraja hawezi kuambiwa, 'Vuka tu.'

Na hilo daraja lilikatwa kweli. Tangu miaka ya 1880 hata miaka ya 1990, watoto wapata 150,000 wa wenyeji wa Kanada, Wakree wengi miongoni mwao, walipelekwa katika shule za bweni za serikali zilizoendeshwa na makanisa. Wengi waliadhibiwa kwa kusema lugha yao, na wako waliokufa wasirudi kwao. Kanisa la Anglikana la Kanada liliomba msamaha mwaka 1993, serikali mwaka 2008, naye Papa Fransisko alikwenda mwaka 2022 mpaka Maskwacis, nchi ya Wakree katika Alberta, akaomba msamaha hapo. Twayaandika haya kwa uchungu, kwani sisi nasi ni watoto wa shule za misheni. Zilitupa kusoma na kuandika, nasi twashukuru. Lakini twakumbuka pia kibao tulichovikwa shingoni kwa kusema neno moja la lugha ya mama, nacho kikapita toka shingo hata shingo mpaka jioni, na wa mwisho akapigwa. Hatukupata yaliyowapata watoto wa Kikree, wala hatusemi ni sawasawa. Walakini aliyevaa kibao kile hawezi kusoma habari zao kama habari za wageni.

Kwa sababu hiyo twavihukumu vitabu vya watoto vya namna moja, ambavyo humfanya Wisakedjak kuwa mchekeshaji tu, au humsafisha hata akawa Nuhu wa pili. Waandishi wake labda wana nia njema. Lakini mtoto apewaye nusu ya babu yake amezidi kupotezwa, kwa kuwa ataridhika na ile nusu, wala hataitafuta nyingine.

Tena liko jambo ambalo kitabu, hata kiwe kizuri namna gani, hakiwezi kulifanya. Wakree hutenga namna mbili za masimulizi. Acimowin ni habari ya mambo ya watu, nayo husimuliwa wakati wowote. Atayohkewin ni hadithi takatifu ya mwanzo, na kwa desturi ya wengi husimuliwa wakati wa baridi tu, theluji ikiwa imefunika nchi. Hadithi ya wacask ni ya namna hii ya pili. Kitabu hakijui majira. Hufunguliwa kiangazi, hufunguliwa na mtu aliye peke yake, husomwa kwa haraka kisha huwekwa. Hakuna amtazamaye msomaji usoni aone kama amefahamu, wala hakuna wa kumwambia, 'Hilo ngoja, utaambiwa ukikua.'

Basi twajibu swali letu. Kitabu chaweza kumrudisha mtu, lakini kwa kiasi cha lile tope la wacask. Ni chembe iliyookolewa kwa taabu kubwa toka chini ya maji, na bila hiyo hakuna nchi. Heri walioizamia, akina Ahenakew na Coming-Day na Bird. Lakini tope lile halikukua lenyewe, lilipuliziwa. Pumzi hiyo ni sauti ya mtu amsimuliaye mtu, na haipatikani dukani. Kwa hiyo twaona kitabu bora cha hadithi za asili ni kile kimfanyacho msomaji akifunge, ainuke, aende akamtafute mzee.

Nao Wakree wamekwisha anza kuinuka. Huko Alberta, shule ya bweni ya Blue Quills ilitwaliwa na wenyeji mwaka 1970, baada ya wazazi kukaa ndani yake na kukataa kutoka; leo ni chuo kikuu chini ya mataifa saba ya wenyeji. Huko Quebec, baada ya mapatano ya mwaka 1975, Wakree walipata halmashauri yao wenyewe ya shule, na Kikree kikaingia darasani. Nyumba ileile au kazi ileile iliyotumiwa kunyamazisha yaweza kutumiwa kufundisha kusema, mradi wenyeji waishike.

Mwaka huu tuliisimulia hadithi hii darasani kwetu, bila kitabu mkononi. Tulipofika mahali pa wacask aliyezuka amekufa, watoto walinyamaza kabisa. Kisha msichana mmoja akauliza, 'Mwalimu, na sisi nchi yetu ililetwa na nani?' Tulikuwa tumejiandaa kumjibu kwa Kitabu cha Mwanzo, na jibu hilo tulimpa, kwani ndilo imani yetu. Lakini tuliona usoni pake ya kuwa ameuliza na jingine: bibi zake walisemaje? Hilo hatukulijua. Tulimwambia akaulize nyumbani, na jioni ile sisi nasi tulifunga safari kwenda kwa mama yetu mzee, tukaketi jikoni, tukamwuliza. Alitutazama kwa muda mrefu, akasema, 'Mbona mmechelewa hivi?' Ndipo akaanza.

Ndugu msomaji, kama kwenu yuko mzee ambaye bado ana sauti, usiusubiri mwezi ujao.