Tahakiki: Istilahi za Jinai ya Mtandao Mbele ya Mwenye Duka

Tangu huduma za kutuma pesa kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, duka la rejareja limekuwa pia mahali pa kupokea na kutoa fedha. Mjini Magu, kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, muuza sukari na sabuni hulipwa kwa simu, humlipa muuzaji wa jumla aliyeko Mwanza kwa simu, na pengine ni wakala vilevile. Wezi nao wamemfuata huko huko. Katika makala haya tunakusudia kupima istilahi tatu anazopewa mwenye duka huyo ili ajilinde. Swali letu ni moja: je, istilahi hizi zamwonya, au zamlaza usingizi?

Ya kwanza ni 'makosa ya mtandao'. Hivyo ndivyo tulivyozoea kuiita Sheria Na. 14 ya mwaka 2015, iliyotungwa kwa Kiingereza. Sheria hiyo yataja kughushi, udanganyifu na kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Lakini dukani 'mtandao' ni kampuni ya simu, na 'kosa' laweza kuwa hitilafu tu. Aambiwaye kuwa mtandao una makosa husubiri utengemae, haendi polisi. Twapendekeza 'jinai ya mtandao'. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo wafasiri hawana tena udhuru wa kuuacha utata huu.

Ya pili ni 'kurudisha muamala'. Kitenzi hiki kimebebeshwa mambo mawili: kampuni kuufuta muamala uliokosewa, na mwenye duka kutuma pesa kwa mkono wake. Tapeli huishi katikati ya maana hizo mbili. Hupiga simu kwa upole: "Mama, pesa imekuja kwako kwa bahati mbaya, naomba unirudishie." Huenda ujumbe ulioingia ni wa kughushi na salio halikuongezeka. Au pesa iliingia kweli, naye akisha kurudishiwa huiomba kampuni iufute muamala wa kwanza, na duka hupata hasara. Twaona kuwa tendo la kampuni liitwe 'kutangua muamala', neno ambalo wanasheria wanalo tayari. Hapo onyo litakuwa fupi: muamala hutanguliwa na kampuni, haurudishwi na mwenye duka.

Ya tatu ni 'namba ya uthibitisho', ile itumwayo kwa ujumbe na kutumika mara moja. Hapa ndipo kasoro ilipo kubwa kuliko zote. 'Namba ya siri' ni istilahi njema, kwa kuwa onyo limo ndani ya jina lenyewe. Hata asiyesoma sana ajua kuwa siri haitajwi. Lakini 'uthibitisho' ni jambo la heri, na mtu mwema humthibitishia mwenzake. Mwizi husema, "Sitaki namba yako ya siri, nataka ya uthibitisho tu," na kwa mujibu wa istilahi zetu amesema kweli. Iitwe 'siri ya mara moja'.

Yamkini baadhi ya wasomaji watasema kuwa istilahi haizuii wizi. Ni kweli, kufuli la mlango si neno. Hata hivyo, wizi huu hupita katika lugha. Ujumbe uliozagaa nchini kote, "Ile pesa itume kwenye namba hii," hauna istilahi hata moja, na kila mtu huuelewa. Ikiwa matapeli huandika Kiswahili chepesi kuliko matangazo ya kuwakinga wananchi, lawama ni yetu sisi tunaosanifu na kutafsiri.

Twawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wazijaribu istilahi hizi madukani na sokoni kabla ya kuzipokea, na watuletee maoni yao.