Ufundi wa Kuacha

Anayeanza bustani nyumbani kwake huwa na haraka. Anataka achimbe, amwage maji, anunue miche, achomeke taa kila kona ya ua. Katika nchi ya Wasukuma, kuanzia Shinyanga hadi ukanda wa dhahabu wa Geita, bustani nzuri huanzia kwingine: huanza kwa kuamua kipi kisiguswe. Naisifu kazi hii kwa sababu hiyo hasa, kabla hata ya mchicha wake.

Shule yake kubwa ni ngitili. Mvua zinapoanza, mfugaji hutenga kipande cha malisho, akawazuia ng'ombe, na hakifungui mpaka kiangazi kikaze na majani ya kwingine yaishe. Waya haupo. Kinacholinda ni makubaliano, na mvunjaji hujibu mbele ya wenzake kwenye dagashida, baraza la jadi la Wasukuma. Utaratibu huu ulikaribia kufa. Enzi za ukoloni misitu ilifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o, pamba ikaongeza mashamba, kisha vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 vikawahamisha watu mbali na ngitili za baba zao. Mwalimu Nyerere akaiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Ulipomalizika mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika mkoa wa wakati ule, kabla Simiyu na Geita hazijamega sehemu yake mwaka 2012. Miche ilipandwa, ni kweli. Lakini kazi kubwa ilifanywa na visiki vilivyokuwa bado hai ardhini. Viliposalimika na shoka na kwato, vilichipua vyenyewe. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa, kupitia UNDP, uliupa mradi huo Tuzo ya Ikweta.

Uani hapatoshi ngitili, ila akili ni ileile. Anayeanza asing'oe kila kitu. Mgunga mchanga uliojiotea pembeni ya choo umeshathibitisha kuwa unaiweza ardhi ile. Mche ulionunuliwa mjini bado. Mlenda na mnafu vinavyoota bila kupandwa ni mboga, si magugu, na wengi huvifagia pamoja na takataka ili ua uonekane safi. Sipendi ua unaofagiwa mpaka udongo ung'ae. Jua la Septemba huuoka ule udongo, na mvua ya kwanza huubeba hadi barabarani.

Mkoa wa Shinyanga hupata kama milimita 600 hadi 800 za mvua kwa mwaka, na mvua yenyewe hainyeshi kwa mpangilio. Kwa hiyo tuta la kuinuka tunaloliona kwenye picha za nchi zenye mvua nyingi halifai hapa wakati wa kiangazi. Hukauka pande zote. Mkulima wa mpunga wa Usukuma ana jibu la zamani: jaruba, lile shamba lililozungushiwa kingo ili maji yatulie. Chimba jaruba dogo la mboga, kina cha kiganja kimoja, upana ambao mkono unafika katikati bila mguu kukanyaga. Changanya samadi iliyokwisha kuoza, kisha funika udongo kwa majani makavu. Maji ya Ziwa Victoria kutoka chanzo cha Ihelele yalifika Shinyanga na Kahama mwaka 2009, na ni neema kubwa, lakini bili ni bili. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia vyombo visivyo na mafuta yaende kwenye jaruba.

Uzio ni minyaa. Kata vipande, vichomeke ardhini, viache. Mbuzi hawaigusi. Utomvu wake tu ndio hatari. Ukiingia machoni huunguza vibaya, kwa hiyo watoto wasipewe kazi ya kukata.

Kule Geita mambo yana sura yake. Mchimbaji mdogo wa Rwamgasa au Nyarugusu huenda leo yuko hapa na kesho amefuata rashi, mkurupuko wa dhahabu, kwingine. Yeye apande kwenye viroba na ndoo zilizotobolewa. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, na kiroba kinabebeka. Jambo moja halina mjadala: asichukue udongo wala maji kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu, hata kama marudio, yaani mchanga uliobaki, yanaonekana laini na mazuri. Zebaki ya kukamatia dhahabu iliyobaki humo haionekani kwa macho, na jani haliwezi kukuambia kuwa imo. Kutafuta udongo safi kwingine ni rahisi kuliko matibabu.

Halafu ndipo ije taa, nayo ije kwa uchache uleule. Jua ndilo mali ambayo ukanda huu hauhitaji kuichimba. TANESCO yenyewe iliichagua Kishapu kwa mradi wa umeme wa jua uliopangwa kufikia megawati 150. Nyumbani, balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60, na taa ndogo ya sola ya bustani hutumia pungufu ya hapo. Paneli iinamishwe kidogo kuelekea kaskazini, mbali na kivuli cha mwembe, na ifutwe vumbi kwa kitambaa chenye maji, hasa Agosti. Wanaolalamika kwamba sola ni feki, wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi ni vumbi.

Taa iwekwe chini, usawa wa goti, ikitazama ardhi. Imulike njia ya chooni na mlango wa banda la kuku, mahali mguu unapoweza kumkuta nge au nyoka. Ile ya kujiwasha mtu akipita inatosha getini. Mwanga wa manjano huvuta wadudu wachache kuliko ule mweupe wenye ubuluu. Usiku wa kumbikumbi, zima zote, labda iwe unawahitaji kwa kukaanga. Sehemu nyingine za ua zibaki gizani. Nondo wanaochavusha maua usiku huishi humo, na wewe nawe unahitaji kulala. Migodi mikubwa hukesha na taa zake kwa sababu zamu hazikatiki. Ua wa mboga hauna zamu.

Kama unafikiria kuanza mwaka huu, rundika samadi kuanzia Agosti ili ioze kabla ya mvua za Oktoba na Novemba. Fedha ya taa itunze kwanza. Utajua pa kuiweka ukishaona miguu ya watu wa nyumbani imezoea kupita wapi.