Uzuri wa Njia na Wenyewe
Mbio za Two Oceans, zilizoanza mwaka 1970 mjini Cape Town, Afrika Kusini, husifiwa mno kwa uzuri wa njia yake ya kilomita 56. Sifa hizo ni za haki, ila zina upungufu: hutaja bahari na milima, zikamsahau binadamu. Kalk Bay, kitongoji cha wavuvi kilicho katika njia iliyozoeleka ya mbio hizo, kilitangazwa kuwa eneo la Wazungu mwaka 1967, na familia kadhaa zikalazimika kuhama. Kwa hiyo mbio zilipoanza, mandhari hiyo ilikwisha kupokonywa baadhi ya wenyewe. Wakimbiaji Weusi nao hawakuruhusiwa rasmi hadi mwaka 1975. Mwaka uliofuata Gabashane Vincent Rakabaele, mwana wa Lesotho, akawa mshindi. Ushindi huo ulidhihirisha uwezo wa mwanariadha, bali haukumrudishia mvuvi nyumba yake. Basi mwalimu anayefundisha habari za mbio hizi asiishie kuuliza ni nani aliyefika wa kwanza. Aulize pia ni nani aliyeondolewa kando ya barabara. Njia ni nzuri, lakini ina wenyewe.